Tani Nne za Spinachi

Mwaka 1928 daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills aliwasili Bombay kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Walipauka, wakaishiwa nguvu, wakawa wanahema kwa kazi ndogo, na baadhi walifariki kabla ya kujifungua au punde baadaye. Alipoitazama damu yao kwa hadubini aliona seli nyekundu chache, kila moja kubwa kupita kiasi, kama kwamba uboho wa mifupa ulianza kuziunda ukashindwa kuzimaliza. Haukuwa upungufu wa damu unaotibika kwa madini ya chuma.

Wills alichunguza chakula chao. Walioumia zaidi walikuwa maskini, waliokula matunda na mboga kwa nadra. Akawalisha wanyama wa maabara chakula kama hicho hicho, nao wakaugua. Kisha akaanza kuwapa kitu kimoja baada ya kingine, hadi alipomjaribu kima mmoja kwa Marmite, ule uji mzito mweusi unaotengenezwa kwa mabaki ya hamira ya viwanda vya bia. Kima akapona. Wanawake waliopewa Marmite nao wakaanza kupata nafuu ndani ya siku chache, na mwaka 1931 Wills akayachapisha matokeo yake. Alijua kwamba ndani ya uji ule mna kitu kinachoponya. Hakujua ni kitu gani, wala hakuna mwingine aliyejua. Kwa miaka kadhaa madaktari walikiita kwa jina lake tu.

Naianzia mbali makusudi. Siku hizi habari ya mboga za majani na saratani husimuliwa kwa pumzi moja: jani lina antioksidanti, antioksidanti huzuia saratani, basi lichemshe unywe maji yake. Wapo watu wanaouza nyumba na mifugo kwa ajili ya sentensi hiyo. Njia ambayo majani ya kuliwa yalipita hadi kufika kwenye wodi za saratani ilikuwa ndefu na yenye kona kali, na kona moja kati ya hizo inastahili kujulikana na kila mtu mwenye mgonjwa nyumbani.

Kitu cha Wills kilitafutwa kwenye maini, kikatafutwa kwenye hamira. Mwaka 1941 Herschel Mitchell, Esmond Snell na Roger Williams wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, walikitafuta kwenye majani. Walichukua tani nne za spinachi. Hiyo ni shehena ya lori, ukitaka kuiona machoni. Wakaisafisha hatua kwa hatua, wakitupa kisichohitajika na kubakiza kinachohitajika, na katika kila hatua wakawapa bakteria wa maabara kile kilichobaki ili waone kama wananawiri au wanadumaa. Mwisho wa kazi yote walikuwa na kiasi kidogo mno cha dutu iliyokolea. Wakaiita asidi ya foliki, kutokana na jina la Kilatini la jani.

Bado haikuwa dawa. Hakuna hospitali inayoweza kusaga tani nne za mboga kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ilibidi dutu hiyo itengenezwe kiwandani, na kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Lederle huko Pearl River, New York, chini ya mkemia kutoka India, Yellapragada Subbarow, aliyezaliwa mwaka 1895 na ambaye ujanani alifiwa na ndugu zake kwa ugonjwa wa matumbo uitwao sprue. Katikati ya miaka ya 1940 kundi lake lilifanikiwa. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki leo, Mwanza au Mombasa, vina asidi hiyo hiyo ya foliki pamoja na madini ya chuma. Wanawake wa Bombay ndio walioifungua njia hiyo.

Sasa twende Boston. Sidney Farber alikuwa mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya watoto ya mji huo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na vipande vya viungo, si kutibu walio hai, na miongoni mwa maiti aliowapokea walikuwamo watoto wengi waliokufa kwa saratani ya damu. Ugonjwa huo uliua ndani ya wiki au miezi michache. Madaktari wa wodini waliweza kumwongezea mtoto damu na kumpunguzia maumivu, basi.

Farber alifikiri hivi. Uboho wa wanawake wa Wills ulikuwa umejaa seli changa zisizokomaa, na asidi ya foliki iliukomaza. Uboho wa mtoto mwenye saratani ya damu nao umejaa seli changa zisizokomaa. Zaidi ya hayo, zilikuwa zimechapishwa taarifa kwamba panya wenye uvimbe wa saratani walipata nafuu kwa dutu za jamii hiyo. Kwa nini isijaribiwe kwa watoto? Akapata kutoka kwa Subbarow dutu za jamii ya asidi ya foliki, zikaanza kutolewa kwa wagonjwa.

Saratani ikashika kasi. Uchunguzi wa uboho ulionyesha seli mbaya zikiongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Kile kilichowanusuru akina mama wa Bombay, kilichotoka kwenye spinachi, kilikuwa kikiilisha saratani ya watoto wa Boston.

Kona niliyoitaja ni hii. Mtu mwingine angeliacha jambo lile kwa fedheha na huzuni. Farber aliligeuza: ikiwa kuongeza foliki kunaharakisha ugonjwa, basi kuinyima saratani foliki huenda kukaukwamisha. Subbarow na wenzake walikuwa tayari wanaunda dutu zinazofanana na asidi ya foliki karibu kwa kila kitu, isipokuwa badiliko dogo katika umbo lake. Seli huipokea dutu ya namna hiyo ikidhani ni foliki. Ikishaingia hushikamana na kimeng'enya kinachohitajika ili seli ijenge chembe za urithi, kama ufunguo bandia uliokatikia kitasani, na seli inayokimbilia kugawanyika hukwama. Saratani ya damu ni seli zinazokimbilia kugawanyika.

Dutu iliyofanya kazi vizuri zaidi iliitwa aminopterini. Farber alianza kuitoa kwa watoto mwishoni mwa mwaka 1947, huku baadhi ya madaktari wenzake wakipinga, wakiona ni ukatili kumpa sumu mtoto ambaye kifo chake kimeshajulikana. Mwezi Juni 1948 akachapisha matokeo: kati ya watoto 16 waliotibiwa, 10 walipata nafuu ya dhahiri. Mabandama yaliyovimba yakanywea, homa zikashuka, watoto waliokuwa hawawezi kuinuka wakarudi kucheza. Nafuu haikudumu, saratani ilirejea baada ya miezi. Hata hivyo mlango uliokuwa umefungwa kwa karne zote ulikuwa umesogea. Subbarow alifariki Agosti mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 53, na jina lake halijulikani hata nusu ya inavyostahili.

Kwa hiyo dawa hii ya saratani, ambayo nasaba yake inapitia kwenye shehena ya mboga za majani, ilikuwa adui wa kile kilichotolewa kwenye mboga hizo. Nimelisoma jambo hili kwa miaka, na bado naona kwamba ndilo linalopaswa kutajwa kwanza kila mtu anaposema kwamba jani fulani linatibu saratani. Saratani ipi? Kitu gani ndani ya jani? Kwa kipimo gani? Na je, kinaijenga seli ya nani, ya mgonjwa au ya ugonjwa?

Moto nao una sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1961, mjini Boston pia, daktari kijana Victor Herbert alitaka kuthibitisha kwamba binadamu anaweza kupungukiwa damu kwa kukosa foliki peke yake, bila maradhi mengine. Akajifanya yeye mwenyewe mgonjwa. Alikula vyakula vilivyochemshwa mara tatu, maji yake yakimwagwa kila mara, kwa sababu foliki huyeyuka majini na kuharibiwa na joto. Vitamini nyingine alizipata kwa vidonge. Baada ya wiki tatu kiasi cha foliki katika damu yake kilikuwa kimeshuka. Mwezi wa nne usingizi ulipotea, akawa msahaulifu na mwenye hasira za haraka. Katika wiki ya 19 uboho wake ulikuwa umegeuka kuwa kama ule Wills aliouona Bombay. Akameza asidi ya foliki, akapona.

Herbert aliyatumia majiko kama chombo cha kunyang'anya. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba spinachi iliyochemshwa kwa maji mengi, hata kwa dakika chache, hupoteza karibu nusu ya foliki yake, na sehemu kubwa huingia kwenye yale maji. Ikipikwa kwa mvuke haipotezi karibu chochote. Anayechemsha mchicha, akaukamua na kumwaga maji, anafanya kwa mara moja alichokifanya Herbert kwa mara tatu.

Wakati Herbert anakula chakula chake kisicho na ladha, Denis Burkitt alikuwa barabarani. Huyu alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote za taya. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, Burkitt akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo, na hapo akaanza kuhisi kwamba ameona ugonjwa mmoja wenye tabia yake. Mwaka 1958 akauelezea katika jarida la upasuaji la Uingereza. Oktoba 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson wakatoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri takriban maili 10,000 wakipita Kenya, Tanganyika na kuendelea kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali moja: mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yao yalichora ramani ya ugonjwa unaofuata maeneo ya joto na mvua, na mihadhara ya Burkitt ilimfikia Anthony Epstein huko London, ambaye mwaka 1964, pamoja na wenzake, alikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hiyo ni historia nyingine.

Kinachotuhusu hapa ni tiba. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na taya la mtoto haliwezi kukatwa lote. Kutoka New York, Joseph Burchenal na Herbert Oettgen walishirikiana na Burkitt kujaribu methotreksati, ndugu mdogo wa ile aminopterini, na mwaka 1963 matokeo ya pamoja yakachapishwa. Nairobi, Peter Clifford naye alikuwa akiwatibu watoto kwa dawa. Uvimbe uliokuwa umejaza uso wa mtoto uliweza kuyeyuka ndani ya siku, wakati mwingine kwa dozi chache tu, na kuna watoto waliopona moja kwa moja. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha tiba ya ugonjwa huo, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani John Ziegler, na aliyemfuata, katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin, alikuwa Mganda Charles Olweny. Pale Mulago methotreksati iliunganishwa na dawa nyingine, ikiwemo vinkristini, ambayo kwa kweli hutolewa kwenye majani: majani ya ua dogo la Madagaska linalopandwa nyuani kwetu. Majani hayo ni sumu. Hakuna anayeyala, na nguvu yake dhidi ya saratani haitengani na ile sumu yake.

Hadi hapo hakuna aliyekuwa anazungumzia antioksidanti. Neno hilo liliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1956 Denham Harman wa California alipendekeza kwamba mwili huzeeka kwa sababu ya radikali huru, chembe zinazozaliwa wakati mwili unapotumia oksijeni na ambazo hushambulia seli na chembe za urithi. Ikiwa ni hivyo, kitu kinachozituliza kingeweza kuzuia maradhi ya uzee, saratani ikiwemo. Tafiti nyingi zilikuwa zinaonyesha kwamba wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani kwa uchache, hasa ya mapafu. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliuliza katika jarida la Nature kama beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo pia imejificha chini ya ukijani wa mchicha na matembele, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Waliuliza kwa uangalifu, wakataka lijaribiwe.

Likajaribiwa. Ufini, wanaume 29,133 wavutaji sigara walipewa vidonge, baadhi vya beta-karotini, baadhi vya vitamini E, baadhi vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Wengi walidhani ni bahati mbaya ya hesabu. Marekani jaribio jingine, la wavutaji, waliowahi kuvuta na watu waliofanya kazi kwenye asbesto, jumla 18,314, lilikuwa likiendelea. Januari 1996 likasimamishwa kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28, na vifo kwa asilimia 17. Watu hao walijitolea kwa imani njema kwamba wanameza kinga.

Lakini huko Linxian, China, sehemu yenye saratani nyingi ya umio na ya tumbo na watu wenye lishe duni, jaribio la watu karibu 30,000 lilikuwa limeonyesha mwaka 1993 kwamba vidonge vya beta-karotini, vitamini E na seleniamu kwa pamoja vilipunguza vifo vya saratani ya tumbo kwa asilimia 21. Nayaona matokeo haya yakielekea upande mmoja na yale ya Wills. Mwenye upungufu hufaidika akijazwa. Mvutaji wa Ufini aliyeshiba na mwenye mapafu yaliyokwisha kujeruhiwa na moshi alipewa kipimo ambacho hakuna sufuria ya mboga iliyowahi kukitoa, na kikamdhuru.

Jikoni kwetu moto hufanya mambo mawili kwa pamoja. Unaharibu foliki na vitamini C, na papo hapo unapasua kuta za seli za jani na kuiachia beta-karotini, ambayo mwili huifyonza vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Mchicha wa nazi ulipatikana bila maabara, na maabara haikupata la kuukosoa. Kwa kisamvu moto ni lazima: jani bichi la muhogo hutoa sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, wafanyavyo mama zetu wa Pwani na wa Kongo kwa sombe yao, ndiko kunakoifukuza sumu. Kwa sukuma wiki, kabichi na brokoli ni kinyume kidogo. Mwaka 1992 kundi la Paul Talalay huko Baltimore lilitenga kwenye brokoli dutu iitwayo sulforafani, inayoamsha vimeng'enya vya mwili vya kuondoa sumu. Dutu za jamii hiyo huzaliwa jani linapokatwa, kwa kazi ya kimeng'enya kilichomo ndani ya mmea, na moto mkali hukiua kimeng'enya hicho. Bakteria wa utumbo huweza kuifanya sehemu ya kazi iliyobaki, kwa uchache.

Hivyo mtafiti anayechemsha majani, akayakamua na kupima dondoo lake, anafanya kazi halali na ya maana. Huangalia kama dondoo linazituliza radikali huru kwenye kichupa, kisha hulimimina juu ya seli za saratani zinazokuzwa kwenye sahani na kuhesabu zinazokufa. Ugumu unaanza hapo. Kipimo kinachoua seli kwenye sahani mara nyingi ni kikubwa mno kuliko kiwezacho kufika kwenye damu ya mtu aliyekula jani hilo, kwa sababu utumbo hufyonza kidogo na ini hubadilisha kilichofyonzwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha mwaka 2007 orodha ya nguvu za antioksidanti za vyakula zaidi ya 270, watengenezaji wa virutubisho wakaibandika kwenye matangazo yao, na mwaka 2012 wizara ikaiondoa, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi chochote kuhusu kinachotokea mwilini mwa binadamu.

Unga wa mlonge na dondoo za majani ya kila aina vinauzwa leo nje ya hospitali zetu kubwa, na wagonjwa wengi huvitumia bila kumwambia daktari, wakiogopa kukaripiwa. Nawaomba wamwambie, na nawaomba madaktari wasikaripie. Kuna sababu ya kitabibu. Katika baadhi ya saratani methotreksati hutolewa kwa dozi kubwa ambayo peke yake ingemuua mgonjwa. Kwa kawaida saa 24 hivi baadaye, wauguzi huanza kumpa asidi ya foliniki, ndugu wa ile dutu ya majani, ili seli zake nzima zipate chakula na zinusurike, huku damu ikipimwa mara kwa mara mpaka dawa ishuke. Ratiba hufuatwa kwa saa. Foliniki ikichelewa, uboho wa mgonjwa hufa. Ikitolewa mapema mno, seli za saratani nazo huokoka.